Sava kidogo

Mwaka 2019 nilianza kufundisha Kiingereza jioni katika chumba cha uani nyumbani kwa shangazi, Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, juu kule ambako mvua ikinyesha kila ngazi inageuka mto. Wanafunzi walikuwa saba, ubao mmoja, na umeme ulikuja siku ulipopenda, kwa hiyo mara nyingi tulisoma kwa tochi za simu. Somo la kwanza lilikuwa lile ambalo kila aliyekanyaga sekondari huku kwetu analijua hata ukimwamsha saa nane za usiku. Mwalimu anauliza "How are you?", darasa zima linasimama na kuitikia kama kwaya: "We are fine, thank you, teacher!" Mwenye malaria yuko fine. Aliyelala na njaa yuko fine. Aliyefukuzwa jana kwa kukosa minervali, yaani ada ya shule, na leo amerudi kwa kujificha nyuma ya wenzake, naye yuko fine.

Wanafunzi wangu waliitikia vizuri, isipokuwa mama mmoja aliyekaa karibu na mlango. Alikuwa rika la mama yangu, ananunua na kuuza dhahabu kwa vipimo vidogo vidogo, na siku ya kujiandikisha alinieleza sababu moja tu ya kuja: amechoka kusaini karatasi asizozielewa. Wenzake walipokaa, yeye alibaki amesimama.

"Mwalimu, iyi neno niko naijua," akasema. "Banaiandikaka ku makaratasi ya dhahabu. Na kule haiseme muzuri."

Nikamjibu, kwa ujasiri wa mwalimu ambaye hajajiandaa, kwamba hilo ni neno jingine. Usiku nikafungua kamusi. Halikuwa neno jingine. Lilikuwa lile lile, na nyuma yake msururu wa maana ambao hakuna mwalimu wangu hata mmoja aliyewahi kunitajia: zuri, safi, embamba, laini, lenye afya, lenye makali kama ya wembe, siku ya jua, na pale chini, limejitenga kama ndugu aliyegombana na ukoo, faini.

Shina lake ni finis la Kilatini, yaani mwisho, au mpaka. Sisi tuliosomea Kifaransa tunalo shina hilo mdomoni kila siku, la fin, c'est fini. Waingereza walilipokea kutoka Kifaransa cha kale karibu mwaka 1300, likiwa tayari limegeuka sifa: kitu kilichofikishwa mwisho wake, ambacho fundi akigusa tena atakiharibu. Wazo lenyewe si geni kwetu. Ukisifu mpishi kwa kusema "huyu ni mwisho", umepita njia ile ile bila kukutana na Mlatini yeyote.

Jioni iliyofuata nilikiri mbele ya darasa kwamba mama alikuwa na haki. Nikamwomba yeye ndiye afundishe. Akakubali kwa masharti kwamba atasema Kiswahili na mimi nitatafuta Kiingereza chake.

Alianzia Kamituga, huko Mwenga, alikozaliwa. Jiwe linatoka shimoni likiwa jiwe tu, akasema, na wanaolipokea ni bamama twangaise. Wasomaji wa mbali, simameni kidogo kwenye neno hili, maana nalipenda kupita kiasi: ni kutwanga kwetu, kule kwa kinu na mchi, kumevalishwa mkia wa Kifaransa ili kupate heshima ya kazi ya ofisini. Hawa akina mama wanatwanga mawe. Wanayatwanga kutwa nzima, mpaka jiwe linakuwa unga unaoweza kuukoroga kwa maji kama uji. Unga ule unaoshwa, kilicho kizito kinabaki chini, zebaki inamwagiwa ili iishike dhahabu, kisha moto unaifukuza zebaki. Kinachobaki kinapimwa. Na hapo mama akatuimbia vipimo vyake, renge, kichele, tola, na kijana mmoja wa chuo, aliyekuwa anajua gramu peke yake, akaviandika kwenye daftari kama mtu anayejifunza lugha ya nne.

(Tola nilikuja kuitambua baadaye. Ni kipimo cha Wahindi, gramu 11.66 hivi. Kimetembea kutoka Bombay mpaka kwenye mizani ya mfukoni ya mama wa Kimwenga, na hakuna aliyekiomba pasipoti.)

"Sasa njo fine inaingia," akasema mama. Dhahabu yake haikuwa dhahabu tupu, ina fedha ndani, ina shaba, ina vitu vingine. Mnunuzi anaisugua juu ya jiwe jeusi, anadondoshea asidi, anatazama rangi ya mstari unavyofifia, halafu anatamka namba. Namba hiyo ndiyo anayolipia. Uzito wote ni wako, lakini bei ni ya kile kilicho fine.

Nikachora ubaoni. Dhahabu ya karati 24 ni safi kadiri inavyowezekana, na wenye mashine huandika 999 au zaidi kwa elfu. Karati 18 ni 750 kwa elfu, yaani robo tatu dhahabu na robo moja kitu kingine. Karati 14 ni 585. Na ili mche wa dhahabu uingie kwenye soko kubwa la London, usafi wake hauruhusiwi kuwa chini ya 995. Bei tunayoisikia redioni ni ya aunsi moja ambayo ni fine, gramu 31.1, na hesabu hiyo haigusi fedha wala shaba iliyojificha humo. Kwa hiyo katika karatasi za mama neno letu la salamu lilikuwa na maana kavu kabisa: kinachobaki ukishaondoa kila kitu kisichohusika.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka hadi akashika ukuta.

"Basi mutu akisema I am fine, anasema bamemutoa machafu yote? Mwalimu, mie sijafika makumi mbili na ine. Mie niko ku kumi na munane."

Tangu jioni ile salamu ya darasa ilibadilika. Nikiuliza "How are you?", badala ya kwaya napata namba. Kijana wa chuo siku ya mtihani: "Nine." Dada mmoja aliyechumbiwa Jumapili: "Twenty-two, teacher!" Na mama, bila kutetereka, wiki baada ya wiki: "Eighteen." Mkaguzi wa Kiingereza angetufukuza sote. Lakini walijifunza kuhesabu kwa siku tatu.

Nikirudi kwenye unga. Kiingereza kinasema fine pia kwa kitu chembamba au kilichosagika sana, na ukishaona kinu cha bamama twangaise huhitaji kuelezwa uhusiano: kilichosafishwa sana huishia kuwa kidogo sana. Hapa ndipo Kiswahili kinapokataa kabisa kufuata. Sisi hatuna neno moja la kazi hiyo na, kwa maoni yangu, hatulihitaji. Unga wa muhogo uliochekechwa vizuri ni laini. Uzi ni mwembamba. Mvua ile isiyolowesha nguo bali inakaa juu ya nywele ni manyunyu. Nywele za mtoto mchanga ni nyororo. Mchanga wa ufukweni ni mwororo ukiukanyaga, ni mdogo mdogo ukiutazama. Kiingereza kinawaita wote hawa kwa jina moja, kama mzee aliyechoka kukumbuka wajukuu anayemwita kila mmoja "we mtoto". Mwanafunzi akiniuliza kisawe cha fine kwa Kiswahili, namuuliza kwanza: cha nini?

Maandishi madogo chini ya mkataba, yale wanayoyaandika ili usiyasome, nayo ni fine. Mama alifurahi sana kusikia hivyo. Alisema alijua tu.

Ila kuna vumbi. Vumbi la jiwe lililotwangwa nalo kwa Kiingereza ni fine, na wataalamu wa hewa wanatumia neno hilo hilo kwa chembe zisizozidi mikromita 2.5, zile ambazo pua na koo haziwezi kuzikamata. Kadiri chembe inavyokuwa fine zaidi ndivyo inavyozama zaidi mapafuni, na vumbi la mawe lenye silika likishazama halitoki. Nilipokuwa nikieleza hayo darasani, mama aliangalia chini. Mama yake mzazi alikuwa twangaise. Alikohoa miaka mingi, akasema, na wao wakifikiri ni baridi ya asubuhi. Sikuwa na la kuongeza, tukafunga somo mapema.

Ile fine ya kulipa pesa ilitufikia kwa njia ya binamu yangu. Alikuwa amekaa darasani miezi miwili, akaondoka kwenda Uvira, kutoka Uvira akapanda meli mpaka Kigoma kutafuta bidhaa. Kule akakodi pikipiki, akaiendesha bila kofia. Polisi akamsimamisha na kumwambia kwa upole wa Kitanzania, "Hapo ni faini, ndugu yangu." Huku kwetu tunasema amande. Binamu yangu neno faini hakuwahi kulisikia nje ya darasa langu, naye akafurahi kupata nafasi ya kulitumia. Akatabasamu na kujibu, "Fine, thank you." Polisi akadhani anadhihakiwa. Anasema mpaka leo mimi ndiye ninayedaiwa pesa zile, kwa sababu niliwafundisha nusu ya neno.

Nusu ya pili ni hii. Faini iliyoingia Kiswahili cha pwani kutoka kwa Waingereza inatoka kwenye finis ile ile, mwisho, kwa sababu zamani ilikuwa malipo ya kumaliza shauri. Katika Uingereza ya kale hata mapatano ya ardhi mahakamani yaliitwa hivyo. Karani aliyaandika mara tatu juu ya ngozi moja, kisha ngozi ikakatwa kwa mstari wa mawimbi ili vipande visiweze kughushiwa: kimoja kwa huyu, kimoja kwa yule, na cha chini, walichokiita mguu, kikabaki mahakamani. Utaratibu wa kuhifadhi mguu ulianza mwaka 1195, na sheria ya mwaka 1833 ndiyo iliyoukomesha. Miguu hiyo ipo hadi sasa katika hifadhi ya nyaraka ya taifa, London.

Niliposoma hayo nilimkumbuka babu yangu wa Kabare. Kesi ya mpaka wa shamba la migomba ikimfikia, hakusema kuhukumu wala kuadhibu, alisema "twende tukamalize maneno". Aliyekosa alileta kasiksi, pombe ya ndizi, wakanywa wote, na maneno yakawa yamekwisha. Kumaliza maneno: sijaona tafsiri bora ya finis katika kamusi yoyote. Kifaransa kwa upande wake kilichagua njia nyingine, maana amende inatokana na kurekebisha, kwamba umelipa ili uwe umenyooka. Mwingereza anataka jambo liishe, Mfaransa anataka utubu. Na yule mtu mwenye filimbi aliyenisimamisha barabarani mwaka juzi hakutaka lolote kati ya hayo mawili. Hakuwa na karatasi, hakuwa na risiti, na kesho yake alinisimamisha tena, kwa hiyo hakuna kilichokwisha wala kilichonyooka.

Hali ya hewa naipita haraka. Kwa Mwingereza, siku ya fine ni siku ya jua. Mwambie hivyo mkulima wa Walungu katikati ya Septemba, mbegu ziko ardhini na mawingu hayaji, uone atakavyokutazama.

Kuna jambo lililonichukua muda zaidi. Neno lililoanzia kileleni, sifa ya kitu kisichoweza kuboreshwa, siku hizi Waingereza wenyewe wanalitumia chini ya zuri. Nililigundua mezani kwa shangazi. Mgeni mmoja kutoka Uingereza, niliyekuwa namtafsiria, alikuja kula. Shangazi alikaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, kwa ndimu na pilipili, akapika bukari, yaani ugali, na sombe, yaani kisamvu, akatoa sahani zile za kabatini. Nikamuuliza mgeni chakula kikoje. Akasema, "It's fine."

Shangazi akanigeukia. "Amesema aye?"

Jinsi alivyolitamka, likiwa fupi, sauti ikishuka, nilijua amesema kinaliwa. Nikamwambia shangazi, "Amesema ni mwisho." Mtu wa etimolojia angenitetea. Shangazi akamwongezea sambaza.

Tuna neno letu lililoporomoka vivyo hivyo, nalo ni sawa. Maana yake ya kwanza ni heshima kabisa: mizani imesimama, pande mbili ziko sawa. Sasa msikilize mke anayemjibu mume wake "Sawa" akiwa amempa mgongo. Fine ya Kiingereza ikitamkwa hivyo ina ukali ule ule, na mwenye akili anaondoka chumbani.

Halafu nikapotea kabisa, na ilikuwa kwenye kazi hiyo hiyo ya ukalimani. Mnamo tarehe 4 Mei 2023 mito ilishuka kutoka milimani Kalehe, ikavizoa vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, kando ya ziwa Kivu. Waliokufa walikuwa zaidi ya 400, na wengi hawakupatikana. Wiki chache baadaye nilimpeleka mgeni mwingine huko, mtu mwenye daftari na roho nzuri. Tulimkuta mama ameketi juu ya jiwe ambalo kabla ya mafuriko halikuwepo, pale ambapo palikuwa jiko lake. Mgeni akainama, akamsalimu kwa upole, akauliza kama ilivyo desturi yao, hali yake ikoje. Nikatafsiri.

"Tuko, mwanangu," akajibu.

Nami, kwa wepesi wa miaka mingi, nikasema: "She says they're fine."

Mgeni akaandika. Niliona kalamu ikiandika herufi nne, ikaweka nukta, na jani likafunuliwa. Tukaenda kwa mtu mwingine.

Tulikuwa tumeshafika Kabamba, tukirudi mjini, ndipo neno liliponirudia kooni. Tuko. Kwa sarufi ni kitenzi tu kisicho na kitu mbele yake: tupo, hatujafa. Tuko wapi, tuko namna gani, tuko na nini, yote hayo ameyaacha. Mama yule hakuwa amesema neno la uzuri hata moja, nami nimemwekea neno la mche wa dhahabu kinywani. Nilimwambia mgeni ndani ya gari. Akafungua daftari, akauliza basi aandike nini. Nikajaribu "We are here", haikutosha. "We exist" ilikuwa kama falsafa ya chuo. "We are still here" ilikaribia, ila ile still ilileta ushujaa ambao mama hakuudai. Mwishowe akaandika Tuko, herufi nne pia, akaacha bila tafsiri.

Huku kwetu salamu ina ngazi, na ngazi hizo mtoto anazijua kabla ya kujua kusoma. Juu kuna "muzuri sana", ambayo hakuna anayeiamini. Chini yake "bien". Kisha ile tunayoitumia kuliko zote, "sava kidogo", tuliyoitohoa kwa Wafaransa na kuitilia kipimo chetu, kwa sababu ça va yao peke yake ilionekana kujidai mno. Chini kabisa kuna "tuko". Mtu akishuka kutoka sava kidogo hadi tuko, jirani anaelewa kwamba jioni apite na sahani ya kitu. Fine haina ngazi. Unaisema ukiwa harusini na unaisema ukiwa juu ya jiwe lililokuja na mto, na aliyeuliza ameruhusiwa kuondoka. Siilaumu, maana hata sisi tungependa mara nyingine kuwa na neno la kufunga mlango bila kumkwaza mtu. Ila si kazi ya mkalimani kuufunga mlango wa mwingine.

Nilirudi darasani na habari hiyo. Nikawapa zoezi la kutafsiri sava kidogo kwa Kiingereza. Kijana wa chuo akaleta "so-so", nikamwambia hiyo ni ya mtu asiyejali. Dada mchumba, wakati huo mke wa mtu, akaleta "not bad", na tukabishana nusu saa, kwani not bad inaweza kuwa sifa kubwa kwa Mwingereza na si sifa kabisa kwa mwingine. Mama wa dhahabu alikuwa amechelewa siku hiyo. Akasikiliza, akavua kitambaa kichwani, akasema, "I am fine a little." Ni kosa. Niliiandika ubaoni kama alivyoisema, na sikuichora mstari mwekundu.

Februari 2025 darasa lilivunjika. Wasomaji wa Bukavu hawahitaji niwaeleze kwa nini; kwa walio mbali, ndio mwezi ambao waasi wa M23 waliingia mjini. Kijana alivuka mto Ruzizi, dada yuko Bujumbura, ubao shangazi aliugeuza kifuniko cha pipa la maji. Mama nilimpoteza miezi minne. Namba yake haikuita, na pale alipokuwa akiketi na mizani yake nilikuta mtu anauza makaa.

Kisha asubuhi moja simu ikaita kwa namba nisiyoijua, mtandao ukikatika katika.

"Mwalimu! Ni miye!"

"Mama! Muko namna gani?"

Pakawa kimya, nikadhani umekatika tena. Nilimsikia akivuta pumzi, na nyuma yake kuku, na mtoto akimwita.

"Tuko," akasema. Halafu kwa Kiingereza, taratibu, kama mtu anayesoma mizani: "Fourteen, teacher. Fourteen."